Kupachua

"Ichomoe tu," Tarmo amesema kwenye simu,
"mnunuzi wa nyumba anafika saa nne."
Lakini Piret ni binti wa Ülo,
na Ülo hakuchomoa diski kwa pupa hata siku moja.
Diski, alikuwa akisema, huitika "nimeandika" kabla haijaandika.
Kuna maneno bado yamo njiani;
ukikata daraja, yanazama.

Basi Piret anavuta kigoda cha jikoni,
kati ya jiko la kuni lililopoa
na chupa za matango ya siki,
anapangusa kwenye kioo vumbi la miezi minne.
Nje, mto Emajõgi umevaa barafu ya Machi,
ya kijivu, isiyoaminika.

Anaandika amri ya kupachua.
Mashine inajibu: Haiwezekani. Inatumika.

Inatumika na nani?
Nyumba haina mtu tangu Novemba.
Anauliza kwa amri ile nyingine,
inayowataja walioshikilia mlango,
na jibu linakuja, mstari mmoja:
ülo.

Anakaa na jina hilo kidogo.

Ni dirisha dogo jeusi, nyuma ya mengine yote,
lililoachwa wazi asubuhi ya gari la hospitali.
Halisomi, haliandiki.
Limesimama tu ndani ya folda ya mto
kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichokifuata,
na maadamu limesimama humo, diski haitoki.

Ipo amri ya nguvu. Piret anaijua, haitumii.
Anaandika: toka.
Dirisha linafumba.
Anarudia kupachua; safari hii mashine haisemi neno.
Taa ya diski inapepesa mara tatu, inazima.

Miaka kumi na tisa ya kina cha maji, asubuhi na jioni,
inaingia kwenye mfuko wa koti.
Kumi na tisa kasoro wiki moja:
ile ya Februari, waliyomzika mama.
Tarmo aliapa ameona buti za baba zimelowa
asubuhi ya mazishi yenyewe.
Baba akakana. Kumbukumbu zikamtetea: siku saba tupu.
Krismasi tatu hawakula meza moja.

Sasa folda imebaki gae. Piret anaifungua aifute.

Si tupu.

Kumbe kupachika si kumimina,
ni kutandika jamvi juu ya sakafu:
kilichokuwa chini hakiondoki, hakionekani tu.
Wiki ile waya ulikuwa umelegea,
na mashine, isiyojua msiba, ikaandika sakafuni.
Kisha waya ukakazwa, jamvi likatandikwa,
na mzee, kama alijua, aliacha hivyo.

Faili saba.
Sentimita 148. Barafu nene. Upepo hakuna.
Sentimita 148. Maimu angesema nivae kofia.
Sentimita 149. Leo saa nane tunampeleka.
Sentimita 149.
Sentimita 149.
Sentimita 149. Nimeamka sina pa kwenda, nikaenda mtoni.
Sentimita 151.

Sisi tuna kiambishi kinachogeuza mambo:
chomeka, chomoa; ziba, zibua; fukia, fukua.
Piret hana kiambishi hicho katika lugha yake,
ana kidole kimoja juu ya kitufe,
na kidole hakishuki.

Akirudisha diski palepale, zile saba zitatoweka tena.
Anatengeneza folda ya pili, ubavuni mwa ya kwanza,
anaipa jina la kwanza linalomjia, meza,
anapachika diski humo.
Miaka na wiki, sasa vyote vinaonekana.

Uani gari linazima. Mtu anakung'uta theluji viatuni.
Piret anampigia Tarmo.
"Umeichomoa?"
"Njoo kwanza," anasema. "Na uvae buti."